Usiitike, Nasser

Mkunazini, Mjini Unguja
6 Mei 2024

Dada yangu mpenzi Bi. Shariffa,

Shikamoo. Natumai magoti yamepoa kidogo na masika haya, na mwanao Kawthar na watoto wake wote hawajambo. Mimi mzima. Dari la ukumbi limevuja pale pale linapovuja kila mwaka, nami nimeweka ndoo ile ile. Paka amezaa watatu juu ya majalada ya wanafunzi wangu wa mwaka 1998. Sikumhamisha, kwani ni mara ya kwanza majalada yale kumfaa mtu.

Barua hii anakuletea Ubwa wa gari la boflo, muuza mikate wetu, kama kawaida. Najua Kawthar ana simu na anataka tuitumie. Lakini sisi wawili tulishakubaliana kwamba simu ni ya kuulizana nani anaumwa. Neno lenye mwanzo na mwisho huandikwa.

Neno lenyewe ni dogo. Nilikuahidi kuja kukaa nawe wiki moja. Sitaweza. Jumamosi zangu zimeshikwa mpaka Agosti, Ijumaa usiku pia, na baadhi ya Jumatano. Nina shughuli. Nitakueleza ikishakaa sawa. Usiwe na wasiwasi, si maradhi.

Mdogo wako,
Nasser


Kizimkazi Dimbani
14 Mei 2024

Nasser,

Marahaba. Magoti ni yale yale, yananiambia mvua kabla ya redio. Mjukuu wangu wa mwisho kang'oka jino akalimeza. Kuku wa jirani wamekula mchicha wangu wote, na jirani kaniletea mayai mawili kama kwamba tumelipana.

Sasa. Umeandika "si maradhi." Mwanamme wa miaka sitini na tisa akisema ana shughuli, na shughuli si maradhi, limebaki jambo moja tu.

Ubwa kaniambia. Alikuwa amesimama chini ya dirisha lako, boflo mkononi, anasubiri uteremshe kikapu. Akasikia sauti ya mwanamke huko juu. Kijana. Anasema Kiingereza. Na wewe unamwambia, "Rudia tena hapo," naye anarudia. Ubwa anasema pia siku hizi unavaa koti ndani ya nyumba.

Mimi sikatazi. Mkeo Nusrat ana miaka minne kaburini, Mungu amrehemu, na mwenyewe aliniusia nikutafutie mtu kabla hujazoea kula mkate mkavu. Nshamtafuta. Ni Bi. Time, mjane mmoja wa kule Fumba, ana akili, ana mkono wa kupika, na sikio moja halisikii vizuri, jambo ambalo kwa mtu atakayekaa na wewe ni rehema.

Lakini kama umeshaoa, niambie. Nani alikwenda kuposa? Mwenye ndugu mkubwa hajipelekei posa mwenyewe kama anayekwenda kununua ndimu.

Dada yako,
Shariffa


Mkunazini
3 Juni 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kujibu vizuri. Nimefurahi kusikia habari za jino. Litatoka, kwa njia yake. Paka wawili nimewapa watu, wa tatu amekataa kuondoka.

Sijaoa. Mwanamke aliyesikika na Ubwa simjui wala hanijui. Yumo ndani ya kompyuta. Amerekodiwa zamani, pengine huko aliko sasa amelala. Nikitaka arudie nabonyeza, naye hurudia neno kwa neno bila kununa. Kumwambia "rudia" ni mazoea yangu tu ya darasani.

Ninasoma, dada. Nimejiandikisha chuo kikuu cha ng'ambo, kwa masomo ya mbali. Maana ya masomo ya mbali ni kwamba mwalimu yuko kwake, mwanafunzi yuko kwake, na kinachosafiri ni somo. Koti navaa kwa heshima. Sikuwahi kuingia darasani bila koti kwa miaka thelathini na nane, na sioni kwa nini nianze kwa sababu tu darasa limekuja chumbani kwangu.

Msalimie Bi. Time kwa jumla, bila kunitaja.

Nasser


Kizimkazi Dimbani
20 Juni 2024

Nasser,

Marahaba, na Idd mubarak iliyopita. Ulikuja siku ya Idd ukala pilau yangu, ukatazama saa mara sita, ukaondoka kabla ya kahawa. Kawthar alihesabu.

Umeandika ukurasa mzima unieleze maana ya masomo ya mbali, na hukusema unasoma nini. Mimi nimekulea. Nnakujua unapoeleza sana kitu kimoja ili mtu asiulize cha pili. Ulipovunja birika la mama ulinieleza nusu saa jinsi udongo unavyochomwa.

Unasoma nini?

Shariffa


Mkunazini
25 Juni 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Pilau ilikuwa nzuri, na Kawthar alikosea: nilitazama saa mara nne.

Ninasoma shahada ya uhandisi wa vyombo vya anga. Yaani ndege, roketi na vitu vinavyozunguka huko juu. Nilisita kukuandikia hilo. Si kwa aibu. Basi tu, nilisita.

Najua utauliza mzee wa rika langu anataka nini na ndege. Jibu nitakupa kwa vitendo. Chukua barua hii. Kata kipande kirefu chembamba pembeni. Kishike ncha yake kwa vidole viwili karibu na mdomo, ukiache kilichobaki kining'inie mbele yako. Sasa puliza juu yake. Si chini, juu. Utaona karatasi inanyanyuka badala ya kushuka. Sababu ni kwamba hewa unayopuliza hufuata mgongo wa karatasi, na mgongo ukiinama nayo huinama, ikaelekea chini. Karatasi imeisukuma hewa chini, na hewa huirudishia karatasi msukumo wa kwenda juu. Hakuna anayesukuma bila kusukumwa. Ndege yenye watu mia tatu hainyanyuliwi na kitu kingine.

Nimewaeleza watoto wa watu jambo hili miaka thelathini na nane, nikiwa sijawahi kuiona hesabu yake hadi mwisho. Nataka kuiona. Ni hilo tu.

Mtihani wangu wa mwaka wa kwanza ni Jumamosi tarehe 3 Agosti, saa tatu hadi saa tano asubuhi, nyumbani, mbele ya kamera. Haruhusiwi mtu mwingine kuingia wala kusema. Nisiondoke kitini. Nikivunja sharti, wanaweza kunifuta.

Nasser


Kizimkazi Dimbani
4 Julai 2024

Nasser,

Marahaba. Nilipuliza. Ikanyanyuka. Nikamwita Kawthar, akapuliza, ikanyanyuka. Wakaja wa jirani na mayai yao. Sasa nyumba nzima wanapuliza karatasi, na bili ya umeme imepulizwa na watu watano haikunyanyuka. Nasema ni nzito kwa yaliyomo.

Utamaliza una miaka mingapi? Kawthar kanipigia hesabu: sabini na nne. Watakupa ndege uitengeneze, au watakupandisha uende kuhiji kwenye kiti cha magurudumu?

Kuhusu kusoma mambo ya ndege sina la kusema. Soma ukitaka. Sitaki tuzungumze.

Lakini kuhusu yule mwanamke wa kompyuta bado sijatulia. Watu huoa kwa kompyuta siku hizi. Kawthar kaniambia.

Shariffa


Mkunazini
12 Agosti 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Natumai ulifika salama kwa gari la Ubwa, na kwamba haluwa uliyokuja nayo haikuyeyuka njiani wakati wa kurudi nayo. Samahani hukuingia ndani. Sasa umeona mwenyewe kwamba hakuna bibi harusi.

Mtihani umekwenda vizuri.

Paka hajambo.

Nasser


Kizimkazi Dimbani
2 Septemba 2024

Nasser,

Marahaba. Barua yako ni fupi, sijaizoea. Nimeigeuza nyuma nikidhani imeendelea.

Mimi bado moyo haujarudi mahali pake. Mtu anashuka kwenye gari la boflo, anaingia kichochoroni, anakuta watu kama ishirini wamekusanyika mlangoni kwa ndugu yake, wameinamisha vichwa, na mlangoni kumebandikwa karatasi, na mzee mmoja anaisoma kwa sauti, "Nawaomba radhi majirani zangu kwa yote..." Adhani nini? Nilikuzika, Nasser. Palepale nilikuzika, nikajiona nnamwambia Kawthar alete sanda. Nikaita kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. Ulipoitika ndipo nilipokaa barazani.

Kumbe tangazo! La kuwaambia watu wasisimame mlangoni!

Matokeo yanatoka lini?

Shariffa


Kizimkazi Dimbani
16 Septemba 2024

Nasser,

Hujajibu. Ubwa anasema mlango wa chumba cha juu uko wazi kutwa nzima, sauti ya mwanamke haisikiki tena, na koti umelitundika kwenye msumari. Anasema uliteremsha kikapu akatia boflo, na kikapu kikabaki kinaning'inia mpaka paka wa watu akapanda.

Kuna nini?

Shariffa


Mkunazini
20 Septemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nilikuandikia uongo, na nimekuwa nikijiambia kwamba ni ufupisho.

Siku ile, saa tatu na dakika arubaini, nilikuwa katika swali la nne. Uliniita. Nikaitika, "Naam, dada!" Sikufikiri. Ulimi uliitika na miguu ikasimama. Nikatoka kitini nikaenda dirishani. Hapo ningeweza kukupungia mkono nikarudi. Badala yake nikakueleza kwa nini siruhusiwi kusema. Nilikueleza kwa dakika kumi na moja. Wameipima.

Wakuu wa mitihani wameniandikia. Wanasema mtahiniwa aliacha kiti, alizungumza na mtu aliye nje kwa lugha wasiyoijua, na wakati huohuo kundi la watu lilisikika likisoma maandishi marefu kwa sauti ya pamoja. Wanashuku kwamba nilikuwa nikisomewa majibu.

Ni tangazo langu, dada. Lilikuwa na kurasa mbili, kwa sababu niliona si adabu kumwambia mtu "usipige hodi" bila kumpa sababu. Nikaeleza kamera ni nini, nikaeleza mtihani ni nini, na ukurasa wa pili nikagusia bawa. Watu wakasimama kusoma. Wasioona vizuri wakasomewa. Waliokuja nyuma wakaomba lirudiwe, wakasoma wote pamoja.

Chuo kinataka maelezo yangu, na maelezo ya maandishi ya mtu aliyeniita, kabla ya tarehe 5 Oktoba. Vinginevyo nafutwa kwa udanganyifu, na aliyefutwa kwa udanganyifu hapokelewi tena popote. Sikutaka kukuandikia kwamba sauti yako ndiyo iliyoniharibia. Uliniita kwa mapenzi. Nilikusudia kuacha ipite.

Nasser


Kizimkazi Dimbani
23 Septemba 2024

Nasser,

Iache ipite, eti! Ungeniita muuaji ukanificha hata hukumu yangu?

Maelezo yangu haya hapa chini. Yatie kwenye Kiingereza chao. Usipunguze neno na, nakuomba kwa haki ya mama, usiongeze.

"Kwa Wakuu wa Chuo. Baada ya kukuulizeni hali na hali za nyumba zenu:

Mimi ni Shariffa binti Talal, nina miaka sabini na sita, ni dada mkubwa wa mwanafunzi wenu Nasser. Sauti mliyoisikia ni yangu.

Kwetu, mtoto akiitwa na mkubwa wake huitika kabla ya kumeza alichonacho mdomoni. Nilimfundisha mimi mwenyewe, kwa kofi. Hakuniacha bila jibu hata mara moja tangu alipojua kusema. Kama kuitika ni udanganyifu, basi mwalimu wake ni mimi. Nifuteni mimi, ingawa sijajiandikisha.

Watu waliokuwa wakisoma hawakuwa wakisoma majibu. Walikuwa wakisoma tangazo la kuwaambia wasiwepo. Aliliandika yeye. Mkimjua hamtashangaa.

Ndugu yangu haibi. Mwizi ni mimi, na nitakuambieni nilichoiba, maana kama nnataka mniamini kwa moja lazima niseme yote. Mwaka 1976 chuo kingine cha ng'ambo kilimwandikia. Kilikuwa kimempa nafasi ya kusoma mambo haya haya ya ndege, ajibu kabla ya mwisho wa Machi. Yeye alikuwa Pemba anafundisha kwa muda. Barua niliipokea mimi. Baba alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na mama alikuwa kitandani, na mimi nilikuwa peke yangu naye. Nikasema, nitampa mama akipona. Mama alipona Agosti. Barua nikaitia chini ya karatasi iliyotandikwa ndani ya sanduku, na imo mpaka leo. Sikumwambia. Alifundisha ndege ubaoni miaka thelathini na nane.

Nilishamkatia njia mara moja kwa kunyamaza. Msiache nimkatie mara ya pili kwa kupiga kelele.

Shariffa binti Talal, kwa mkono wangu."

Basi, Nasser. Umeshayasoma. Sasa unajua kwa nini sikutaka tuzungumze.


Mkunazini
30 Septemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nimetafsiri, sikupunguza neno. Niliongeza tanbihi moja kuhusu neno "barazani" katika maelezo yangu mwenyewe, kisha nikaifuta. Niliyatuma Alhamisi iliyopita. Chuo kikaomba na tafsiri ya tangazo. Nikawapelekea. Wamejibu leo kwamba wameuelewa vizuri ukurasa wa kwanza na hawaoni haja ya kusoma wa pili.

Kuhusu ile barua. Dada, niliiona mwaka 1991. Mama alipofariki uliniambia nilitoe sanduku tulipakie kwenye gari la kuja kwako. Karatasi ya chini ilikuwa imechanika. Nikainua, nikaisoma nimepiga magoti pale pale chumbani kwa mama. Kisha nikairudisha, nikaituliza karatasi juu yake, na sanduku nikalibeba kichwani mwenyewe asije mtu akalitikisa.

Sikusema, kwa sababu niliona ni yako kuitoa. Mama aliishi miaka kumi na tano mingine nami nikiwa karibu yake. Kila mwaka tangu hapo niliitia miaka hiyo kwenye mizani upande mmoja, na ndege upande wa pili. Miaka mingi mizani ililala kwa mama. Mingine haikulala huko, sitakudanganya tena mwezi huu.

Kwa hiyo nilipokuandikia Juni kwamba nilisita, sasa unajua nilisita nini.

Tungoje jibu lao.

Nasser


Kizimkazi Dimbani
9 Oktoba 2024

Nasser,

Miaka thelathini na tatu! Ulijua, na ukanilia pilau zangu za Idd zote ukinitazama machoni! Nami kila ukilikalia lile sanduku natokwa na jasho, nakwambia, "Inuka hapo, bawaba mbovu." Bawaba haijapata kuwa mbovu.

Nimekasirika siku mbili. Ya tatu nikalala usingizi ambao sijaulala tangu nikiwa msichana, mpaka Kawthar akaja kunitikisa kuona kama nnapumua.

Ubwa kaniletea habari kabla ya barua yako, na boflo mbili za bure: wamekukubalia kurudia, Jumamosi tarehe 9 Novemba, kwa sharti kwamba ukimjibu mtu hata neno moja, basi imekwisha.

Hutafanyia huko. Ubwa anasema watu wanapita mlangoni kwako wakiuliza, "Mtihani wa ndege lini tena?" kama wanauliza harusi. Njoo huku. Kawthar ana mtandao mzuri kwa ajili ya wageni wake wanaokuja kutazama pomboo. Mlangoni nitakaa mimi. Tangazo halitakuwepo.

Lakini kwanza lazima nikuvunje tabia niliyokutia. Tunaanza mazoezi. Nimemwagiza Ubwa: kila akileta boflo asimame chini ya dirisha aite "Nasser!" kwa sauti yangu. Nimemfundisha sauti. Anaipata vizuri isipokuwa pale mwisho. Wewe usiitike.

Na barua pia. Unasoma hapa?

Nasser!

Umeitika. Nakujua, umeitika peke yako chumbani. Jaribu tena kesho.

Shariffa


Mkunazini
21 Oktoba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Ripoti ya mazoezi. Siku ya kwanza Ubwa aliita mara tatu, nikaitika mara tatu. Siku ya pili niliitika nikaziba mdomo katikati, likatoka "Naa." Siku ya nne nilishika meza kwa mikono miwili. Ulimi wangu una miaka sitini na sita ya mazoea, na kitu kikishakuwa katika mwendo hakiachi mwendo wake ila kwa nguvu. Hilo nimelisoma mwaka huu, na nilikuwa nikilifundisha tangu 1977, lakini sikuwa nimelihisi mdomoni.

Jirani wa mkabala ameuliza kwa nini Ubwa ananiita kama mwanamke. Sikumweleza. Utanipongeza: sikumweleza hata kidogo.

Jana Ubwa aliita mara nne. Sikuitika hata moja. Akangoja, akakasirika, akaondoka na boflo yangu. Nimelala na chai tupu, dada, lakini nimelala mshindi.

Nitakuja tarehe 8 pamoja na paka, hana wa kumwachia.

Nasser


Kizimkazi Dimbani
12 Novemba 2024

Nasser,

Uliondoka upesi baada ya mtihani, ukaniaga kwa mkono tu, nikajua bado unaogopa kufungua mdomo. Hukuniambia umeonaje, nami sikukuuliza. Basi nikuandikie mimi, uone upande wa nje ulikuwaje.

Kuku wa jirani niliwafungia tangu alfajiri, na jirani nikamrudishia mayai mawili, sasa ndipo tumelipana. Mke wa mkabala alitaka kukuna nazi, nikamtazama, akaahirisha. Kwa kina Mmanga kuna harusi, ngoma wakaipeleka mbele mpaka saa tano na dakika moja, na saa tano na dakika moja waliipiga kama walioachiwa kutoka jela. Watoto wa Kawthar waliwekwa kila mmoja na andazi mdomoni. Wageni wawili wa pomboo walikuja kuuliza mashua, nikawaonyesha bakora yangu na kidole mdomoni. Wakakaa nao kimya barazani saa nzima, nadhani walidhani ni ibada.

Mimi nilikaa kitini mlangoni nnakuona mgongo. Koti lako limepasuka mshono wa bega, lilete nilishone.

Sasa nikwambie nililofanya. Saa nne hivi nilikuita. Kwa kunong'ona, pumzi tu. Nilitaka kujua. Au sijui nilitaka nini.

Hukuitika. Bega lako lilitikisika kidogo, kama la ng'ombe aliyetuliwa na nzi, kisha ukaendelea kuandika. Mara ya kwanza katika maisha yako. Nilifurahi, halafu nikalia. Kawthar akauliza kwa ishara nnalia nini, nikamwonyesha kwa ishara kitunguu, na hapakuwa na kitunguu nyumba nzima.

Mtihani umekwisha. Mazoezi yamekwisha. Nakuita kwa maandishi, na sasa hivi ni ruhusa.

Nasser!

Dada yako,
Shariffa


Mkunazini
28 Novemba 2024

Naam, dada.

Nimechelewa kuitika kwa siku kumi na tisa, nikihesabu tangu ule mnong'ono. Niliusikia. Mikono ilishika meza yenyewe. Sikutaka kukuitika kwa hiki wala kile mpaka niwe na cha kukwambia, na leo asubuhi kimefika.

Nimefaulu. Sabini na moja kwa mia. Alama zangu bado zimeupita umri wangu, kwa mbili. Msimamizi ameandika chini ya ripoti: "Saa nne na dakika tatu, sauti ya upepo mlangoni. Haikumsaidia mtahiniwa." Kwa kila nilichojifunza mwaka huu juu ya upepo, hapo wamekosea, lakini sitawaandikia kuwaeleza. Unaona nilivyobadilika.

Mwaka wa pili unaanza Januari. Somo la kwanza ni mabawa. Nitakuja Jumamosi na koti, nikae wiki nzima niliyokuahidi Mei, na kahawa nitaingoja.

Ubwa ameleta boflo leo, akaita kwa sauti yako bila kuagizwa. Nimemwitika mpaka jirani akafungua dirisha.

Kabla sijafika, fungua sanduku. Itoe ile barua. Usiichane wala usiitie moto, na usiniwekee mimi. Ni ile karatasi ya buluu ya posta ya ndege, nyembamba kuliko hii ninayoandikia. Ishike ncha yake kwa vidole viwili karibu na mdomo, uiache ining'inie. Kisha puliza, dada. Juu yake.

Mdogo wako,
Nasser